Shangazi, niache bustani mpaka mtoto akue?

Asalaam alaikum Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Bombo. Binti yangu wa kwanza ana miaka 9, wa pili ni wa kiume ana miaka 4, na wa mwisho ana miezi 8, bado ananyonya. Mume wangu anaendesha teksi ya Kampala. Anatoka alfajiri, anarudi watoto wameshalala. Zamani nilikuwa na meza ya nguo za mitumba sokoni, lakini baada ya kujifungua huyu mdogo nikaiacha, maana sina wa kumwachia, na kumlipa msichana wa kazi hatuwezi.

Nyumba tunayopanga ina uwanja nyuma, kama mita 6 kwa 4 hivi, na mwenye nyumba alinikubalia nilime. Mvua za Septemba zilipoanza nikapanda kila nilichokuwa nikinunua: nyanya, kabichi, karoti, vitunguu, sukuma na dodo, yaani mchicha. Nia yangu ilikuwa tuache kabisa kununua mboga. Fungu la dodo shilingi 1,000, la sukuma 1,000, nyanya nazo 1,000, na kesho yake hivyo hivyo. Mwisho wa muhula natafuta ada ya shule, kumbe nyingine ilikwisha sokoni kidogo kidogo.

Dodo na sukuma tulikula mpaka nikagawia majirani. Nyanya zilipofika magotini zikaanza kunyauka mmoja mmoja, majani yakiwa bado ya kijani, nami nilikuwa namwagilia kila siku. Kabichi ziliingiwa na viwavi. Jirani akanipa dawa kidogo kwenye chupa ya soda, akasema nichanganye na maji. Sijaitumia kwa sababu sijui kipimo, nimeiweka dirishani jikoni.

Sasa ni Januari, jua linachoma. Mwezi uliopita bili ya maji ilipokuja mume wangu alikasirika. Alisema soko liko hatua chache kutoka nyumbani, na mimi namwaga pesa kwenye udongo wa mwenye nyumba. Sikumjibu, lakini liliniuma. Mama mkwe anakaa karibu nasi. Juzi alimkuta mdogo amekaa tutani mdomo umejaa udongo, mimi nimeinama napalilia. Alimbeba akaondoka naye bila neno. Jioni ndipo akaniambia kwamba mwanamke anayenyonyesha shamba lake ni mtoto, hayo mengine yangoje.

Binti yangu ndiye aliyenivunja moyo zaidi. Humwamsha mapema achote maji ya bustani kabla ya shule, maana mdogo akiamka sina tena mikono. Wiki hii ameniambia anachukia shamba, na dodo hali tena. Mdogo wake akamsikia, naye sasa anatoa kila jani kwenye sahani analiweka pembeni.

Naipenda bustani hii, Shangazi. Ndiyo kazi pekee niliyobaki nayo ambayo naona matunda yake. Lakini nimechoka, na nyumbani kila mtu ana neno. Niache mpaka mtoto akue, au kuna namna?

Mama wa Watatu, Bombo

*

Waalaikum salaam, mwanangu.

Kabla hujaendelea kusoma, nenda kaitoe ile chupa dirishani. Dawa ya wadudu kwenye chupa ya soda, katika nyumba yenye mtoto wa miaka 4, ni hatari kuliko jambo lingine lolote uliloniandikia. Mtoto wa umri huo anaijua soda, hajui dawa. Irudishe kwa jirani mkononi mwake, umwambie kwa upole asimpe mtu dawa namna hiyo tena, kwa sababu karatasi yenye jina, kipimo na siku za kungoja kabla ya kuchuma inabaki kwenye chupa yake ya asili. Usiioshe chupa hiyo ukaitumia tena. Na kama siku moja mtoto yeyote ataonja kitu cha aina hiyo, usimtapishe. Mkimbize kituo cha afya, na chupa au kopo lenyewe uende nalo ili waganga wajue wanapambana na nini.

Sasa tuzungumze.

Usiiache bustani. Ipunguze, tena sana. Barua yako yenyewe imeshasema ibaki nini: dodo na sukuma mlikula mpaka mkagawa, nyanya na kabichi zilikuchosha bila kukupa kitu. Mama mwenye mtoto wa miezi 8 anahitaji mimea inayotoa chakula mapema, inayochumwa ikachipua tena, na inayomvumilia akiisahau siku mbili mtoto anapopata homa. Inayodai kufungwa kwenye miti, kupunguzwa matawi, kunyunyiziwa dawa na kukaguliwa kila asubuhi ina wakati wake, na wakati huo kwako haujafika.

Nianze na nyanya, nisikuache unajilaumu. Mche unaonyauka ghafla majani yakiwa bado ya kijani, na udongo una maji, mara nyingi umepatwa na mnyauko wa bakteria. Kama umebaki hata mmoja, likate shina karibu na ardhi, ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi na usilitikise. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka pale ulipokata, ndio huo. Dawa ya kuuponya haipo, na kumwagilia zaidi hakusaidii, kwa sababu bakteria wameziba njia za maji ndani ya shina. Ng'oa miche yote iliyougua pamoja na mizizi uichome, usiitupe kwenye mbolea. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba ugonjwa huo hukaa udongoni muda mrefu, na hushambulia pia biringanya, pilipili, viazi mviringo, entula (nyanya chungu) na nakati (mboga ya majani), maana zote ni ukoo mmoja na nyanya. Kwa hiyo sehemu ile usipande nakati ukidhani umebadilisha zao. Weka dodo, kunde au sukuma. Nyanya nunua sokoni, wala usione haya.

Kabichi inakaa ardhini kama miezi mitatu, unaikata mara moja, imekwisha. Sukuma ni ndugu yake wa damu, nayo ukiipanda mwezi wa Machi unaanza kuchuma baada ya mwezi mmoja na nusu hivi na kuendelea miezi mingi. Chuma majani ya chini, acha matano au sita ya juu, na kila ukiona kichwa kinataka kutoa maua kikate. Viwavi hupenda zote mbili, lakini kwenye sukuma mayai yao unayaona chini ya jani, unayafikicha kwa kidole huku unachuma ya kupika. Karoti na vitunguu viache kwanza. Karoti inataka udongo laini uliochekechwa na palizi ya mikono miwili, na wewe mkono mmoja una mtoto.

Kwa hiyo katika mita zako 6 kwa 4, kwa msimu huu unaokuja lima tuta moja tu, upana wa mita 1 na urefu wa mita 3, karibu kabisa na mlango wa jikoni. Upana huo unakuwezesha kufika katikati bila kukanyaga ndani. Gawanya sehemu tatu. Ya kwanza sukuma, miche minane inatosha. Ya pili dodo: mwaga mbegu kidogo, na baada ya wiki mbili mwaga nyingine pembeni, ili nyingine ikiisha nyingine inafuata. Dodo huwa tayari baada ya wiki tatu au nne, na ukiikata juu badala ya kung'oa inachipua. Ya tatu weka kunde za majani, au nakati kama sehemu hiyo haikuwa na nyanya. Pale unapotupa maganda ya matoke chomeka mbegu mbili za boga. Litajitunza lenyewe, nawe utakula majani yake kabla hata ya boga.

Eneo linalobaki usiliache tupu, magugu yatakutesa. Lifunike kwa viazi vitamu vya rangi ya machungwa, vile vya lishe. Huhitaji mbegu ya dukani, unahitaji marando kutoka kwa mtu anayevilima. Vikishatambaa vinazima magugu vyenyewe, maji havidai sana, na baada ya miezi minne au mitano unachimba chakula chenye vitamini A nyingi kwa watoto wako wote watatu. Majani yake machanga nayo ni mboga. Hili ni jambo la kwetu, tujivunie: mtafiti Mganda, Dakta Robert Mwanga, alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, wengine wakiwa Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis. Kazi yake kubwa ilikuwa kuzalisha aina za viazi hivi zinazostahimili magonjwa ya Uganda, na nyingi zilitoka kituo cha utafiti cha Namulonge, ambacho si mbali na wewe.

Nenda kwenye maji, kwa sababu mumeo ana hoja na ni vema umpe haki yake. Mboga za majani wakati wa jua hunywa kama lita 5 kwa kila mita moja ya mraba kwa siku. Uwanja wako wote ni mita za mraba 24. Hiyo ni lita 120, jerikeni sita kila siku. Uniti moja kwenye mita ya maji ni lita 1,000, yaani jerikeni 50, basi kila siku nane ulikuwa unamaliza uniti moja kwa bustani peke yake. Tuta la mita za mraba 3 linataka lita 15, hazijai hata jerikeni moja, na sehemu kubwa ya hizo tayari unazimwaga: maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kulowekea maharagwe, ya kusuuzia vyombo. Weka ndoo yenye kifuniko karibu na mlango uyakusanye humo, umwage jioni jua likishapoa. Kifuniko usikisahau, kwa sababu ya mbu na kwa sababu ya huyo anayetambaa, mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye ndoo. Maji ya nepi usiyamwage kwenye mboga kamwe, wala yenye dawa ya kung'arisha nguo.

Halafu funika udongo. Majani makavu ya mgomba au nyasi, unene wa vidole vinne kuzunguka miche, hupunguza sana kiu ya tuta. Wakati wa kiangazi tuta liwe limezama kidogo chini ya usawa wa ardhi ili maji yabaki ndani. Mvua zikija Machi unalipandisha ili mizizi isioze. Ukiweza kufanya hivyo Januari hii kwa ajili ya sukuma zilizobaki, fanya. Usipoweza, ziache zife, uanze upya na mvua. Mkulima yeyote wa wilaya yenu ya Luwero atakwambia kwamba Januari si mwezi wa kupigania mboga kwa maji ya bomba.

Kuhusu mume wako. Alikuumiza kwa maneno, na hilo mwambie, lakini chagua siku ambayo hakutoka barabarani na njaa. Usimwendee kuomba ruhusa ya kulima. Mwendee na daftari. Kuanzia leo andika kila shilingi ya mboga inayotoka, na pembeni andika ulichochuma nyuma ya nyumba na kingegharimu kiasi gani sokoni. Baada ya mwezi mmoja wa mvua, mweke mbele ya daftari hilo pamoja na bili ya maji. Mtu anayehesabu nauli ya abiria mmoja mmoja kutwa nzima anaelewa hesabu upesi kuliko anavyoelewa kilio. Kisha mwombe mambo mawili tu. La kwanza, kwa siku moja ya mapumziko yake, ajenge uzio wa matete au wavu kuzunguka tuta. La pili, gunia mbili za samadi ya ng'ombe iliyokwisha kupoa, ambazo dereva anaweza kuzipata njiani kwa urahisi kuliko wewe. Mkono wake ukishaingia pale, bustani haitakuwa tena mchezo wa mke wake.

Na udongo ni wa mwenye nyumba kweli. Kama hilo ndilo linalomsumbua, sehemu ya sukuma ipande kwenye magunia. Chukua gunia imara, jaza udongo uliochanganywa na samadi, theluthi moja ikiwa samadi. Katikati simamisha kopo lisilo na kitako wala kifuniko, ulijaze kokoto, ongeza udongo kulizunguka, ulivute juu, ujaze tena, mpaka upate nguzo ya mawe kutoka chini hadi juu. Maji unayomwaga juu yanapita humo na kufika kila upande. Toboa matundu ubavuni, mashimo yaachane kiganja na nusu, upachike miche. Siku mkihama, udongo mzuri unakwenda nao. Gunia la plastiki hupasuka kwa jua baada ya msimu mmoja au miwili, hilo ulitegemee.

Mama mkwe wako simwoni kama adui. Mtu aliyembeba mtoto akaondoka naye kimya, akangoja jioni ndipo aseme, amekuheshimu. Tena alichokiona ni cha kweli: udongo mdomoni huleta minyoo, na mahali kuku na paka wanapopita huleta zaidi. Mdogo asiwekwe tutani kabla hajajua kutii "hapana". Mtandikie mkeka kivulini nje ya uzio, au umfunge mgongoni, au mngoje alale. Tuta la mita 3 linamalizika kwa muda wa usingizi mmoja wa mchana, hiyo ndiyo sababu nyingine ya kulipunguza. Serikali hutoa matone ya vitamini A kwa watoto kuanzia miezi 6, na dawa za minyoo kuanzia mwaka 1, katika miezi ya Aprili na Oktoba. Wapeleke wote kituo cha afya, kila mmoja apate kinachofaa umri wake.

Halafu mwombe mama mkwe kitu ambacho wewe huna. Wazee wengi wa Bombo wanajua mlenda na mgagani kuliko duka lolote la mbegu: zinaota lini, zinakatwaje, mbegu inakaushwaje na kuhifadhiwa. Mwambie, "Mama, nifundishe." Ukimfanya mwalimu, siku moja atakuja mwenyewe kushika mtoto ili umalize palizi.

Nimefika kwa binti yako, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mtoto wa miaka 9 asiamshwe usiku-usiku kuchota maji ya mboga halafu aende shule. Anahitaji usingizi huo. Wengi wetu shuleni tulipewa jembe kama adhabu: umechelewa, nenda kalime, umepiga kelele, nenda kalime. Tulikua tukidhani udongo ni wa waliokosa. Usimrithishe hilo. Mwache apumzike na bustani mwezi mzima, usimwambie lolote. Mvua ikija, mpe gunia moja liwe lake, achague mwenyewe cha kupanda, hata kama atachagua maua au stroberi usizozijua. Akichuma, akupikie au akuuzie. Ndiyo, mnunulie kwa bei ya soko, pesa hiyo ungeitoa kwa mama mboga hata hivyo. Akilisahau likakauka, lisimtokee kwenye maneno wakati wa chakula.

Yule wa miaka 4 mpe maharagwe matano na kopo la udongo. Yataota ndani ya wiki moja, na subira ya mtoto wa umri huo haizidi hapo sana. Kazi nyingine yake ni kubeba maganda kupeleka shimoni. Kisha anaosha mikono kwa sabuni, kila mara.

Kuhusu sahani, acha kuwatajia dodo. Ikatekate ndogo uipike ndani ya mchuzi wa karanga au maharagwe, usiiweke pembeni kama kilima cha kijani kinachowatazama. Majani yanataka mafuta kidogo au karanga ili mwili uchukue vitamini A yake, kwa hiyo mchuzi wa karanga ni mapishi ya busara na pia ni matamu. Yasichemke muda mrefu, na maji yake usiyamwage. Chai isiandamane na chakula, inazuia madini ya chuma. Badala yake wape embe, chungwa au ndimu kwenye maji.

Huyo mdogo wa miezi 8 anaweza kula bustani yako leo hii. Endelea kumnyonyesha, na juu yake apate chakula mara mbili au tatu kwa siku: kiazi cha machungwa kilichopondwa, matoke na majani ya dodo yaliyolainishwa sana, uji mzito wenye unga wa mukene, yaani dagaa. Karanga apewe zilizosagwa, nzima zinaweza kumkaba. Nasisitiza mukene na maharagwe kwa sababu sitaki uamini kwamba mboga za majani peke yake zinaongeza damu ya kutosha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Uganda wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu, na humo mna malaria na minyoo pamoja na chakula. Chandarua kina sehemu yake kama tuta lilivyo na yake.

Majirani wakianza kukuomba uwauzie, ngoja kidogo. Msimu wa kwanza kula na watoto, gawa kidogo, pumzika. Ukiona tuta moja limekuwa jepesi mikononi mwako na mdogo ameanza kutembea, ongeza la pili mvua za Septemba.

Kwa sasa kazi zako ni chache. Ng'oa nyanya zilizokufa uzichome. Anza shimo la maganda, uwe unarushia majivu kidogo na majani makavu kila unapotupa. Katikati ya Februari, panda mbegu za sukuma kwenye karai lililotobolewa chini, uliweke kivulini juu ya meza mahali kuku hawafiki, ili miche iwe na majani manne mvua itakaposhika. Ukikuta wiki hiyo mtoto anaota meno na hujalala, nunua miche kumi ya mtu aliyekwisha kuiotesha, uipande jioni.

Shangazi